Kompyuta ya Mafuta ya Nazi

Fundi Nehemia alikuwa na ugomvi mmoja tu duniani, lakini ulikuwa wa kila siku. Ulihusu prosesa, kile kipande bapa, kidogo kama biskuti, kinachofanya hesabu zote ndani ya kompyuta. Nehemia alikuwa mtu wa AMD. Mselem, mwenye duka la kompyuta lililotazamana na karakana yake pale Makorora, alikuwa mtu wa Intel. Wenzao wakikaa kwenye kahawa hubishana mpira. Hawa wawili walibishana prosesa, na wasikilizaji ambao hawajapata kuwasha kompyuta maishani mwao walikwisha kugawana pande.

"Yakhe, wewe unaishabikia AMD kwa sababu huna uwezo wa kununua kitu kipya," Mselem alimchokoza.

"Na wewe unaishabikia Intel kwa sababu una maboksi yake dukani hayajaisha," Nehemia alijibu. "Wewe si shabiki, wewe mchuuzi."

"Mtazameni mwana manamba! Baba yake kaletwa Tanga kukata mkonge, yeye leo anatufundisha kompyuta."

"Baba yangu alikata mkonge, baba yako alikuwa amelala barazani. Sasa nani kajenga Tanga?"

Watu walicheka, kahawa ikaongezwa, na kesho yake wakaanza upya.

Nehemia alikuwa na sababu yake. Kuna mchezo ambao yeye aliuita kuipandisha. Kila prosesa hutoka kiwandani ikiwa imepangiwa mwendo. Ukiingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa, ukaongeza mwendo kidogo na umeme kidogo, inakimbia kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi. AMD wameziacha nyingi wazi, apandishe anayetaka. Intel huacha wazi zile zenye herufi K, na hizo bei yake imechangamka. Kwa mtu anayefanya kazi na vitu vya mtumba, mjadala uliishia hapo.

Shida ni kwamba ukipandisha mwendo unapandisha na joto. Joto likizidi, kompyuta hujizima yenyewe isije ikaungua. Na Tanga, mwezi wa pili, ukiingia karakanani unalikuta joto limeshakaa kwenye kiti chako.

Nehemia alijaribu feni kubwa. Akajaribu feni mbili. Feni ziliipulizia prosesa hewa ya moto yenye chumvi, basi. Siku moja akiwa amesimama chini ya transfoma ya umeme mtaani akisubiri mvua ipite, akakumbuka kwamba lile dude limejaa mafuta. Mafuta hayapitishi umeme, ila yanabeba joto. Kama transfoma inaoga mafuta mwaka mzima na haifi, kwa nini kompyuta isioge?

Akanunua tangi la kioo la kufugia samaki kwa familia iliyokuwa ikihama. Kisha akaenda kwa Bi Hafsa, mama anayekamua mafuta ya nazi mtaa wa tatu kutoka karakanani.

"Nataka lita kumi na tano."

"Ya kupikia au ya nywele?"

"Ya kompyuta."

Bi Hafsa alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. "Haya. Mimi nauza tu. Lakini nikwambie kama ninavyowaambia wote: yakiganda, usiyapige moto. Yaweke juani yayeyuke yenyewe. Ukiyaunguza usiniletee kesi hapa."

"Karakanani kwangu hayawezi kuganda, Bi Hafsa. Kule ni tanuri."

Na kweli hayakuganda. Ile bodi iliyobeba Ryzen yake ya zamani, prosesa ya AMD yenye viini sita vya kupigia hesabu, ilizama kwenye mafuta, na ndani yake kifeni kidogo kikawa kinayakoroga polepole. Ryzen ile ilikuwa inafika mwendo wa gigahezi tatu nukta nne kwa hesabu ya kiwandani. Nehemia aliifikisha nne nukta mbili, ikatulia. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba karakana ilinukia wali wa nazi kutwa nzima, na wapita njia wakawa wanachungulia kuuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi.

Sasa, Nehemia alikuwa na miaka arobaini na sita, na alichokosa katika maisha ni karatasi moja. Alizaliwa kambi ya mkonge upande wa Pongwe, baba yake Muha aliyetoka Kigoma. Aliacha shule darasa la sita akaingia karakana ya shamba, kazi yake kupaka grisi ile mashine kubwa ya kusindika majani ya mkonge. Huko alifundishwa kugusa. Kila nusu saa unaweka mgongo wa vidole kwenye beringi, unahesabu. Ukifika tano mkono bado upo, mashine ni nzima. Ukiutoa kwenye tatu, punguza mzigo. Ukiutoa kwenye moja, zima, ukimbie. Kutoka hapo alihamia kwenye redio, kutoka redio akaingia kwenye televisheni, kisha kompyuta, na kule kuhesabu kulihama naye. Lakini kila ofisi iliyotafuta fundi wa kudumu ilimuuliza cheti, na kila mara alirudi karakanani kusubiri mteja wa siku hiyo. Mvua ikinyesha wiki nzima, mteja hakuna.

Ndipo akaja Leticia.

Leticia alikuwa mchora ramani za majengo, mwenye ofisi yake Raskazone katika nyumba moja ya zamani yenye kuta nene. Nehemia alikuwa amemponyea kompyuta yake mara tatu. Ofisi ilikuwa inakua. Alitaka kompyuta nane mpya na fundi wa kuajiriwa wa kuzitunza. Kazi ya mwezi kwa mwezi, yenye kiti na meza. Akamwita Nehemia aje aonane na meneja wake, Mzee Wilfred, mstaafu wa serikali ambaye alikuwa bado anavaa tai hata siku ya joto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Cheti kiko wapi?"

"Sina."

"Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La sita. Nalo sikulimaliza."

Mzee Wilfred alimgeukia Leticia. "Umemsikia mwenyewe."

"Nimemsikia," alisema Leticia. "Wale wenye vyeti waliniambia kompyuta yangu nikaitupe. Huyu aliiwasha."

"Kuwasha moja si kutunza nane, binti yangu."

Walivutana hapo robo saa, Nehemia amesimama kama mtoto aliyevunja kikombe. Mwisho Mzee Wilfred akatoa sharti. Mselem alikuwa amekwisha kuleta bei yake ya kuuza kompyuta nane za Intel. Basi Mselem alete moja, na huyu fundi alete hiyo aliyoiunda mwenyewe anayojisifia. Zote mbili zipewe kazi moja ya ofisi, kutwa nzima, kuanzia saa tatu asubuhi ya Alhamisi.

"Ya kwako ikizima hata mara moja," alisema akimnyooshea kalamu, "nisilisikie jina lako tena hapa. Ikifika mwisho haijazima, nitakaa kitako nikusikilize."

"Na ya Mselem?"

"Yake ikizima, tutanunua kwingine. Sina ndugu hapa."

Nehemia alitoka pale akitembea haraka. Kwa mara ya kwanza kukosa cheti hakukumfungia mlango. Walimwambia lete mashine.

Jumatano jioni alikodi bajaji, akakaa nyuma amelikumbatia lile tangi, dereva akiwa ameamriwa apite kila tuta kama amebeba mjamzito. Alipoingia ofisini Raskazone alisimama mlangoni akavuta pumzi. Ndani mlikuwa na baridi kama Lushoto. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma ukutani, na yeye, ambaye miaka yote alipigana na joto kama mtu anayepigana na mkwe, akaona leo amepata msaada. Aliweka tangi mezani, akaunganisha nyaya zake, akajaribu, ikawaka vizuri, akaizima. Kisha akamwendea mlinzi, Uweso.

"Kaka, nakuomba kitu kimoja. Hiyo AC usiizime usiku."

"Huwa naizima saa kumi na mbili."

"Leo iache. Tena ishushe mpaka mwisho, digrii kumi na sita. Nimeongea na Dada Leticia. Nataka asubuhi prosesa iamke imepoa kabisa. Baridi ndiyo rafiki yetu."

"Kwangu hapana shida," alisema Uweso. "Nitavaa koti."

Asubuhi Nehemia alifika saa mbili na nusu, amevaa shati lililopigwa pasi na mkewe Consolata mpaka likawa na kingo za kukatia mkate. Mselem alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama mbele ya lile tangi, mikono kiunoni, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Yakhe," alisema Mselem, na alishindwa kuendelea. Alifuta machozi. "Yakhe, mchuzi wako umelala."

Nehemia alisogea. Mafuta yaliyokuwa meupe ya kung'aa kama maji sasa yalikuwa meupe ya chokaa. Tangi zima liliganda kuanzia chini mpaka juu, na ndani yake bodi, prosesa, kifeni, vyote vimezikwa kama mifupa kwenye supu ya jana. Aliweka kidole juu. Magumu. Alichora alama kwa ukucha, alama ikabaki.

Hakuna mtoto wa Tanga asiyejua kwamba mafuta ya nazi huganda kwenye baridi. Kila kipupwe chupa ya mafuta ya nywele ya Consolata inaganda dirishani, na yeye Nehemia ndiye anayetumwa kuiweka juani. Alilijua hilo tangu utoto. Lakini miezi yote hii kichwani mwake mafuta yalikuwa yamekoma kuwa mafuta, yamekuwa sehemu ya kompyuta, na kompyuta haijawahi kuudhiwa na baridi. Na aliyeagiza baridi ile ni yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

"Hiyo ndiyo mashine?" Mzee Wilfred alikuwa ameingia na kikombe cha chai. "Au ndiyo kifungua kinywa?"

"Imeganda, mzee."

"Naona. Saa tatu ni saa tatu."

Leticia aliingia nyuma yake, akaona, akaweka mkono mdomoni. "Kaka Nehemia, tulete maji ya moto? Kuna birika. Au pasi?"

Nehemia alikuwa ameshatoa simu anampigia Bi Hafsa.

"Bi Hafsa, yameganda."

Kicheko cha upande wa pili kilisikika chumba kizima. "Si uliniambia kwako tanuri?"

"Hayapo kwangu. Yapo ofisini kwa watu. Nitumie birika?"

"Hebu sikia wewe! Usiyapige moto nimeshakwambia. Ukiyayeyusha upande mmoja kwa nguvu, upande mmoja unaungua na mwingine bado jiwe. Juani, Nehemia. Jua na subira. Na hiyo kompyuta yenyewe si ina joto lake? Kila siku unanilalamikia ina joto. Leo limekwenda wapi?"

Nehemia alikata simu. Maneno ya mwisho ya yule mama yalimkaa kichwani. Tatizo halikuwa kwamba mashine haina joto. Tatizo ni kwamba akiiwasha kwa mwendo wake wa kawaida, prosesa itatoa joto lote kwa mkupuo, na mafuta yaliyoganda hayatembei, hayabebi kitu. Joto litakaa palepale. Itajizima kabla picha ya kwanza haijakamilika, na Mzee Wilfred yuko pale na kalamu yake.

Akakumbuka ile injini ya dizeli ya shambani, asubuhi za mwezi wa saba. Bwana Eliudi, msimamizi wao wa zamani, alikuwa akimchapa makofi ya kichwa mtu yeyote aliyeifungia mzigo kabla haijapata moto. Iache izunguke tupu, alikuwa akisema. Iache ijipashe.

"Dada Leticia," alisema, "naomba AC izimwe na madirisha yafunguliwe. Na naomba meza yangu isogee pale jua linapoingia."

"Aa, hapana!" Mselem aliruka. "Mashine yangu inataka baridi. Yeye kaamua kupika nazi, mimi niungue?"

Leticia alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Mselem, hizo kompyuta nane, umeme ukipungua tukashindwa kuwasha AC, hazitafanya kazi?"

"Zitafanya."

"Basi tufungue madirisha tuone."

Saa tatu kamili kazi ilianza. Ilikuwa ramani ya bweni la wanafunzi linalotaka kujengwa Muheza, na kompyuta ilitakiwa itengeneze picha mia tatu, moja moja, za mtu anayetembea ndani ya bweni hilo kutoka mlangoni mpaka kitanda cha mwisho, na vivuli vyake na mwanga wake wa dirishani. Kila picha ni hesabu nyingi mno.

Nehemia alichomoa waya wa kifeni cha ndani kwanza, kisije kikaungua kwa kushikwa. Halafu akafanya jambo ambalo tangu aanze mchezo huu hajapata kulifanya. Aliingia kwenye mipangilio, badala ya kupandisha, akashusha. Nne nukta mbili ikawa tatu. Ikawa mbili. Akasimama kwenye moja na nusu, mwendo wa bibi harusi anayeingia ukumbini.

"Umeishusha?" Mselem alichungulia. "Wallahi kaishusha! Fundi wa kupandisha!"

"Fanya kazi yako."

Mselem alikuwa anafanya. Mashine yake ilikuwa Intel mpya, yenye herufi K, viini sita kama ile nyingine, na usiku uliopita alikuwa ameipandisha naye, kwa kufuata video moja ya mtandaoni, kwa sababu wazo la kushindwa na tangi la samaki lilimkosesha raha. Ilipita kwenye picha kama kisu. Kufika saa nne ilikuwa na picha hamsini na sita. Ya Nehemia ilikuwa na kumi na tano.

Mzee Wilfred alipita, akasoma namba, akaguna, akaondoka.

Lakini kwenye tangi kulikuwa na kitu. Kuizunguka prosesa, kwenye ule weupe, palitokea duara dogo la mafuta yaliyoyeyuka, kubwa kama kizibo cha soda. Nehemia aliinama akalitazama kama mtu anayetazama chungu cha maharage. Duara likawa kama sarafu mbili. Likawa kama kisahani. Kila lilipopanuka, aliongeza mwendo kidogo, hapo hapo kwenye skrini bila kuizima. Mbili. Mbili na nusu. Alisoma joto kwenye skrini, halafu hakuiamini skrini, akaweka mgongo wa vidole kwenye kioo. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Jua la dirishani nalo lilikuwa linafanya kazi yake upande wa pili, na kona za tangi zikaanza kulainika kama siagi.

Saa tano na nusu vipande vyeupe vilivyobaki vilikuwa vinaelea kama vipande vya mkate kwenye chai. Alirudisha waya wa kifeni. Kilisitasita, kikageuka, kikazunguka. Nehemia alipangusa vidole kwenye suruali. Ofisi yote ilianza kunukia. Wachoraji wa chumba cha pili wakaulizana nani kaleta wali.

Akapandisha mpaka tatu nukta nne. Tatu nukta nane. Saa sita alikuwa kwenye nne nukta mbili, na picha zilianza kutoka moja baada ya nyingine.

Ni wakati huo alipoisikia feni ya Mselem.

Alikuwa ameisikia kwa muda, lakini sasa sauti ilibadilika. Haikuwa tena sauti ya feni inayofanya kazi. Ilikuwa ya feni inayoomba msaada, ile sauti nyembamba anayoijua kila mtu aliyewahi kukaa karibu na beringi inayokaribia kufa. Chumba kilikuwa kimepata joto, na feni aliyoiweka Mselem ilikuwa ndogo, ya bei nafuu, inayotosha mwendo wa kiwandani tu.

Hesabu ya Nehemia ilikuwa rahisi. Yake haitazima sasa. Ya Mselem ikizima, Mzee Wilfred atanunua kwingine, na barazani pale Makorora atakaa kama mfalme mwaka mzima. Hakuhitaji kufanya chochote. Angekunywa chai tu.

Alivumilia kama dakika mbili. Kelele ile ilimkera kuliko alivyoupenda ushindi.

"Mselem. Shusha."

"Nini?"

"Shusha mwendo. Inakufa."

"Unataka nishushe ili unifikie."

"Mimi sikufikii leo hata ukilala. Weka mkono hapo nyuma inapotoka hewa. Mgongo wa vidole. Hesabu."

Mselem alimtazama kwa wasiwasi, akaweka mkono. "Mo—" alisema, akauondoa akaupuliza.

"Umefika ngapi?"

"Sikufika hata moja!"

"Basi shusha. Rudisha mwendo wa kiwandani na umeme wa kiwandani. Prosesa hiyo haina kosa, kosa lako wewe na video zako. Inakimbia vizuri bila kupigwa fimbo."

Mselem alikaa, akashusha. Joto kwenye skrini yake lilikuwa limebakiza digrii mbili kufika pale inapojizima. Feni ilipiga kelele dakika chache, ikapunguza, ikapunguza tena, ikatulia. Wote wawili walikaa wanaisikiliza.

"Mwana manamba," alisema Mselem taratibu.

"Sema."

"Hakuna. Nilikuwa nahakikisha upo."

Saa tisa kasoro dakika kumi mashine ya Mselem ilimaliza picha ya mia tatu. Nehemia alikuwa kwenye mia moja themanini na tano. Hakuipandisha zaidi. Aliiacha iende hivyo hivyo, na saa kumi na moja na nusu jioni ikatoa picha ya mwisho: kitanda cha mwisho cha bweni, dirisha, na mwanga wa asubuhi umelala juu ya shuka. Haikuzima hata mara moja.

Mzee Wilfred alivuta kiti. Alikuwa ameahidi kukaa kitako, akakaa.

"Umeshindwa mbio," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Sharti halikuwa mbio," alisema Leticia.

"Najua sharti langu, binti yangu. Sijazeeka kiasi hicho." Akamgeukia Nehemia. "Sasa nakusikiliza. Tukinunua nane, ninunue ipi? Intel au AMD?"

Mselem alikohoa, akatazama dari. Nehemia alijikuna kidevu. Alikumbuka miaka kumi na miwili ya barazani.

"Intel," alisema. Lilimtoka kama jino.

"Rudia," alisema Mselem, akitoa simu mfukoni, "nirekodi."

"Kaa kimya. Nimesema Intel. Mzee, AMD mpya ingefaa vilevile, na kwa pesa hiyohiyo ningekuwa karakanani kwangu ningechukua hiyo. Lakini hapa hamtaki mchezo, mnataka kazi. Mselem ana nane dukani leo, zote za aina moja, moja ikiharibika tunahamisha kifaa kutoka nyingine. Msichukue zenye K, mtalipia kitu msichokitumia. Na feni awawekee kubwa, si ile aliyoleta leo. Halafu pasiwe na mtu wa kuzipandisha. Hata mimi."

"Nani atazitunza?"

Nehemia alifuta tone la mafuta mezani kwa kidole. Kuomba hakukumtoka. Alizoea kubishana, hakuzoea kuomba.

"Mzee," Mselem alisema, na safari hii hakuwa anacheka. "Mimi nauza. Leo saa sita yangu ilikuwa inazima, nami sikujua. Huyu alijua kwa masikio, amekaa upande wa pili wa chumba. Angenyamaza ningekuwa nimekosa biashara yako. Ukininunulia mimi ukaajiri mtu mwingine, kila wiki utaniita, na mimi sitajua cha kufanya, nitakuja kumwita yeye. Sasa si bora umwite mwenyewe?"

Mzee Wilfred alikunja tai yake, akaikunjua. Alinyanyuka akaenda kwenye tangi. Akatazama mafuta yaliyotulia, safi sasa, na kile kifeni kikizunguka ndani. Kisha polepole, akaweka mgongo wa vidole kwenye kioo. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Akafika tano, akaacha mkono pale pale.

"Miezi mitatu ya majaribio," alisema. "Jumatatu saa mbili. Na hili sufuria lako nisilione tena ofisini. Tangu asubuhi nashikwa na njaa, siwezi hata kusoma barua."

"Jumatatu saa mbili," alisema Nehemia.

"Saa mbili ni saa mbili."

Leticia alikuwa ameshatoa fomu ya kazi mezani. Palikuwa na sehemu imeandikwa elimu, na chini yake mstari mrefu. Nehemia aliweka kalamu juu ya ule mstari, akaandika ukweli: darasa la sita, Pongwe. Leticia aliisoma, akaigonga mhuri.

Jioni bajaji ilipoingia Makorora, Bi Hafsa alikuwa amesimama mlangoni kwake na ungo. "Enhe?" alipiga kelele. "Yaliyeyuka?"

"Yaliyeyuka!"

"Yenyewe?"

"Yenyewe, Bi Hafsa. Juani."

"Si nilikwambia?" Alipunga ungo hewani kama bendera. "Na kazi?"

Nehemia alikuwa amekumbatia tangi kwa mikono yote miwili na hakuweza kupunga, lakini meno yake yalikuwa nje, na Mselem, aliyebanana naye kwenye kiti cha nyuma akishika upande mwingine wa tangi mafuta yasije yakamwagika, alimjibia: "Jumatatu saa mbili! Na kasema Intel! Ninayo kwenye simu!"